Ukuta wa bahari na samaki wachanga: kutafuta kosa lilipo katika fukwe za Mtwara na Lindi

Kosa la kwanza hufanyika kabla hata ya kupima: ukuta hukaguliwa maji yakiwa yamekupwa. Saa hiyo mchanga uko wazi, ufukwe unaonekana mpana, kaa wanakimbia huku na huko, na mkaguzi anaandika kwamba mambo ni shwari. Lakini tasi, changu, chaa na mkizi wa urefu wa kidole hupanda na maji. Bahari ikijaa, nao hufuata ukingo wake hadi juu, kwenye maji ya kifundoni au ya magotini. Chakula kiko huko, na kolekole au mzia mkubwa hathubutu kuingia maji mafupi kiasi hicho. Ukuta ukikatisha mteremko wa ufukwe, ukingo huo wa maji mafupi hukosekana katika zile saa samaki wachanga wanapouhitaji zaidi. Karibu kila dalili iliyomo humu inaanzia hapo, kwa hiyo vipimo vyote vifanywe maji yakijaa, isipokuwa pale ilipoelezwa vingine.

Tunazungumzia kuta za zege na za mawe, magabioni (masanduku ya waya yaliyojazwa mawe), matuta ya mawe yanayoingia baharini, na barabara au maboma ya mashamba ya chumvi yaliyokatiza vijito vya mikoko. Wanaotarajiwa kuutumia mwongozo huu ni BMU (vikundi vya wanajamii vinavyosimamia uvuvi pwani), wenye viwanja vya pwani na mafundi wa halmashauri.

Vifaa na siku ya kupima

Fimbo iliyonyooka ya mita 2 yenye alama kila sentimita 10. Kamba ya mita 30. Koleo dogo, chekecheke la matundu ya milimita 1, beseni jeupe, saa, na miwani ya kuzamia kama ipo. Chandarua hakihitajiki na kisitumike: ni kosa kisheria, na kinaua walewale unaowatafuta.

Pima siku za bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mpya au mwezi mpevu. Pwani ya kusini tofauti kati ya kujaa na kupwa siku hizo huzidi mita 3, kwa hiyo kasoro za ukuta hujitokeza zote. Kisha rudia siku za maji mafu, zile ambazo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Chagua pia ufukwe wa kulinganisha: hauna ukuta, uko ghuba ileile, unapigwa na upepo uleule. Ufukwe wa Msimbati unaotazama bahari kuu haulinganishwi na ndani ya ghuba ya Mikindani, wala ufukwe wa nje wa Kilwa na mlango wa mto Lukuledi pale Lindi. Ukikosa ufukwe wa kulinganisha, namba utakazopata hazitakuambia lolote.

Nenda na mwenzako. Msimu wa kusi (upepo wa kusini) usisimame kati ya ukuta na maji yanayojaa. Wimbi linalorudi kutoka ukutani huvuta miguu.

Dalili: maji yakijaa, hakuna kijisamaki mbele ya ukuta

Simama kimya juu ya ukuta kwa dakika 5, jua likiwa mgongoni lakini kivuli chako kisianguke majini. Hesabu samaki wanaopita ndani ya upana wa mita 1 kutoka ukutani. Fanya hivyo sehemu tatu, kisha kimbilia ufukwe wa kulinganisha kabla maji hayajaanza kutoka.

Kabla ya kuulaumu ukuta, ondoa visababu vyepesi. Kama hata ufukwe wa kulinganisha hauna kitu, huenda ni msimu tu, kwa kuwa vifaranga wa aina nyingi huingia kwa wingi wakati wa kaskazi (upepo wa kaskazini) na wa matlai (kipindi cha kubadilika kwa pepo) kuliko kusi inapovuma. Au kuna juya linaloburutwa usiku, au vyandarua. Waulize kina mama wanaotanda uduvi. Wao wanajua kilichotokea kwenye maji ya magotini kuliko mwenye boti. Kama ufukwe wa kulinganisha unao samaki na wa kwako hauna, endelea.

*Ukuta umejengwa chini mno.* Hiki ndicho kisababu cha kawaida kuliko vyote. Maji ya bamvua yakifika kileleni, shusha fimbo mguuni mwa ukuta usome kina. Mguu ukiwa mkavu, ukuta huenda si mkosaji. Maji yakiwa chini ya sentimita 50, athari ni ndogo. Yakizidi sentimita 50, ukingo wa maji mafupi umekufa.

Hesabu yake ni nyepesi. Ufukwe unaoshuka mita 1 kwa kila mita 20 unatoa ukanda wa mita 10 wenye kina kisichozidi sentimita 50. Ukuta wa mawe uliolala kwa mteremko wa 1 kwa 1.5 unatoa sentimita 75. Ukuta wima hautoi kitu. Na si suala la dakika chache: mguu wa ukuta ukiwa mita 1 chini ya kilele cha bamvua, na maji yakitofautiana mita 3, basi kwa takriban saa 3 na robo katika kila kujaa kina mguuni kinazidi sentimita 50. Bahari hujaa mara mbili kwa siku. Muda wote huo kijisamaki hana pa kujificha, ana maji marefu tu na wanaomwinda.

*Mguu umechimbika.* Wimbi likipanda ufukwe wa mchanga huchoka njiani. Likigonga ukuta wima hurudi na nguvu zake, na mchanga wa mguuni huondoka nalo. Tazama kama msingi umeanza kuonekana, na kama mbele ya ukuta yamebaki makombe na kokoto wakati ufukwe wa jirani una mchanga laini. Piga alama ya rangi juu ya ukuta, kisha pima kutoka alama hiyo hadi mchangani kila bamvua. Linganisha mwezi kwa mwezi uleule wa mwaka uliotangulia. Kusi na kaskazi huhamisha mchanga kila mwaka, na anayepima Julai na Januari atadhani ukuta unakufa kumbe ufukwe unapumua.

*Uso wa ukuta ni laini mno.* Zege lililosakafiwa vizuri linapendeza machoni, lakini halina pa kujibanza wala pa kuotea mwani. Hiki kwa kawaida huja juu ya kimojawapo cha visababu viwili vya kwanza, mara chache peke yake. Wauzaji wa nakshi za ukutani wasikudanganye kwamba kupamba uso kunatosha wakati mguu umesimama kwenye maji ya mita moja na nusu.

Marekebisho, kuanzia lililo bora. Kuurudisha ukuta nyuma, juu ya alama ya bamvua, ndiyo dawa yenyewe. Isipowezekana pote, tafuta kipande kisicho na jengo nyuma yake, hata mita 20 au 30, ukiondoe na uache mchanga upande hadi kwenye mlakasa na minazi. Kipande hicho huwa kituo cha kupumzikia cha samaki wanaopita.

Isipowezekana hata hilo, jenga ngazi za mawe mguuni. Ngazi moja haitoshi, na hapa ndipo miradi mingi huharibika. Kilele cha maji mafu huwa chini ya kilele cha bamvua kwa tofauti inayokaribia mita 1. Ukijenga ngazi yenye maji ya sentimita 30 siku za mafu, siku za bamvua itakuwa na mita 1.3, haina faida. Jenga mbili: ya chini ipate sentimita 30 maji mafu yakijaa, ya juu ipate sentimita 30 bamvua ikijaa, kila moja na upana wa mita 2 au zaidi. Changanya mawe makubwa na madogo ili kuwe na mianya ya ukubwa tofauti. Mawe yatoke machimbo ya nchi kavu. Kuvunja tumbawe ili kujenga kitalu cha samaki ni kubomoa nyumba moja kwa ajili ya nyingine, na sheria hairuhusu.

Kwa uso laini, mimina vibao vya saruji visivyo na nondo, sentimita 40 kwa 40, unene sentimita 8, vyenye mifereji ya kina cha sentimita 3 hadi 5. Uwiano ni saruji 1, mchanga wa mto uliooshwa 2, kokoto ndogo 3. Kibao kimoja kitakuwa na uzito wa karibu kilo 30, kwa hiyo kibebwe na watu wawili. Vilowane kwa siku 7 na visiguse bahari kabla ya siku 28. Vilaze juu ya ngazi za mawe.

SIMAMA HAPA: usitoboe ukuta wa zege lenye nondo ili kufunga vibao au kutengeneza vidimbwi. Tundu dogo linaingiza chumvi, nondo inapata kutu, inavimba, na zege linapasuka kutoka ndani. Kazi hiyo ni ya mhandisi. Vivyo hivyo ukubwa wa mawe ya ngazi: ndani ya ghuba iliyotulia mawe ya sentimita 30 hadi 50 hukaa, lakini ufukwe unaopigwa na kusi moja kwa moja unataka hesabu ya mawimbi. Jiwe dogo mahali pa wimbi kubwa hugeuka nyundo linaloupiga ukuta wako.

Dalili: samaki wamejaa upande mmoja, upande wa pili hakuna

Kundi linakuja likifuata ufukwe, linafika mahali fulani, linageuka au linakwenda nje kwenye maji marefu. Mahali hapo pana nini?

Mara nyingi pana tuta la mawe au kona ya ukuta iliyochomoza. Samaki mchanga anayesafiri kando ya pwani analazimika kuizunguka ncha, na nchani ndipo wanapomngojea. Pima kina nchani maji yakijaa. Kikizidi mita 1.5 wakati mzizi wa tuta uko kwenye maji ya magotini, umempeleka kijisamaki mlangoni kwa kolekole. Rekebisha kwa kupunguza mawe karibu na mzizi wa tuta upate mwanya wa mita 3 au 4 ambao maji ya nusu kujaa yanapita. Mwanya huo pia hupitisha mchanga kwenda kwa jirani. Lakini tuta linaloshikilia ukuta au barabara lisiguswe bila mhandisi.

Kisababu cha pili ni giza. Gati pana lililojengwa chini sana huweka kivuli kizito, na samaki wengi wachanga wanaosafiri mchana hukataa kuingia humo. Katika jiji la Seattle, Marekani, ukuta wa ghuba ya Elliott uliokamilika mwaka 2017 ulijengwa na njia ya waendao kwa miguu yenye vioo vizito vya kupitisha mwanga chini, kwa sababu vifaranga vya samoni walikuwa wakikwepa kivuli cha magati. Sisi hatuna samoni, ila ukaguzi ni uleule: saa sita mchana tazama chini ya gati. Kama kundi linasimama kwenye mstari wa kivuli na kurudi, umepata jibu. Kwa gati la mbao, ongeza nafasi kati ya mbao na ondoa mabati na makuti yasiyo ya lazima. Kwa gati la zege, ni mradi wa mtaalamu.

Taa za usiku hufanya kinyume. Zinavuta vijisamaki, chuchunge na ngisi mahali pamoja, na wanaowala huja nyuma. Zigeuze ziangaze nchi kavu.

Dalili: samaki wapo, lakini wamekonda

Mgongo mwembamba, kichwa kikubwa kuliko mwili, tumbo limeingia. Hapa hakuna haja ya kumpasua samaki. Kagua chakula chake.

Wengi hukimbilia kukagua maji, kumbe tatizo liko kwenye mstari wa taka za bahari, ule utepe wa majani makavu ya bahari na mwani unaoachwa na bamvua. Ndani yake na chini yake mnaishi vidudu vinavyorukaruka, minyoo, funza wa nzi na vikaa vidogo. Maji yakijaa huvibeba, na chaa na changu wachanga huvila. Ukuta uliokaa chini mno hauna mstari huo: taka zinagonga ukuta na kurudi baharini. Penye ukuta wa juu, mstari upo lakini hoteli huufagia kila asubuhi na kuuchoma.

Kipimo: kwenye mstari wa taka, chimba mraba wa sentimita 20 kwa 20, kina sentimita 10. Chekecha kwa maji ya bahari, mwaga kilichobaki kwenye beseni jeupe, hesabu vinavyotembea. Mashimo matano mbele ya ukuta, matano kwenye ufukwe wa kulinganisha. Tofauti ikiwepo huhitaji hadubini kuiona. Kwenye beseni moja vidudu vinaparamia kingo na kuchupa nje kabla hujamaliza kuhesabu, kwenye lingine ni makombe na kipande cha kamba ya nailoni.

Dawa ni rahisi kuliko zote humu na haigharimu shilingi: acheni kufagia. Okota plastiki kwa mkono, majani yabaki. Mgeni wa hoteli akilalamika, safisha njia ya mita 5 ya kushukia majini, pengine pasiguswe.

Kisababu kinachofuata ni kukata miti ya ukingoni. Mikungu, mikadi na mikoko hudondosha wadudu na majani majini, na kivuli chake huzuia mchanga wa juu usichomwe na jua. Ukuta mara nyingi huja na uwanja uliofyekwa nyuma yake. Panda upya nyuma ya ukuta, matawi yainamie majini, lakini mti wa mizizi mikubwa ukae mita 3 au zaidi kutoka msingi.

Kisababu cha tatu hutegemea samaki mwenyewe. Mkizi hula utando mwembamba ulio juu ya tope, na mchanga ukigeuka kokoto utando huo haupo. Tasi mchanga hula mwani na majani ya bahari. Yeye anaweza kunenepa palepale chaa anapokonda. Kwa hiyo andika aina ya samaki, usiandike "samaki wadogo" tu.

Dalili: nyuma ya barabara au boma, dimbwi lina samaki waliokufa, au halina samaki kabisa

Vijito vya mikoko vilivyokatizwa na barabara au maboma ya chumvi hupumua kwa kalavati. Huku ndiko mwatiko mchanga anakokwenda kukua, kwenye vidimbwi vyenye utando wa mwani chini. Asipoingia, hata wafugaji wa mwatiko watakosa mbegu.

Kagua kwa mpangilio huu. Kwanza taka: kalavati ikizibwa na makuti na mifuko, safisha, umemaliza. Ifanywe kila baada ya mvua kubwa. Mvua za kimbunga Hidaya, Mei 2024, zilionyesha wazi pale Somanga nini hutokea maji yakikosa njia chini ya barabara.

Pili, kimo cha mdomo. Maji yakipwa, tazama upande wa baharini. Kama maji yanadondoka kutoka mdomoni kama bomba la mferejini, samaki hawezi kuingia mpaka bahari ipande hadi mdomoni, na muda wa kuingia unakatwa. Panga mawe chini ya mdomo kwa hatua za sentimita 10 hadi 15, kila hatua na kidimbwi chake.

Tatu, kasi. Maji yakianza kujaa na tena yakianza kutoka, dondosha kijiti mdomoni na upime muda wa kukata mita 3. Kikipita kwa chini ya sekunde 10, mkondo unazidi sentimita 30 kwa sekunde, na samaki wa sentimita 3 hawezi kushindana nao kwa urefu wa kalavati nzima. Kwa kawaida maana yake ni kwamba kalavati ni nyembamba kuliko kijito. Kuiongezea ya pili pembeni, sakafu yake ikiwa chini kidogo ya sakafu ya kijito ili mchanga uifunike, ndiyo suluhisho. Lakini hiyo ni kazi ya wakala wa barabara, si ya koleo.

Nne, mlango wa chuma unaofunguka upande mmoja tu kuzuia maji ya chumvi. Huo unazuia samaki moja kwa moja. Usiung'oe. Nyuma yake kunaweza kuwa na visima au mashamba ya mpunga. Zungumza na Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini kuhusu kuufungua saa fulani za kujaa.

Vifo navyo visomwe vizuri. Samaki wanaohema juu ya maji alfajiri, kisha kutulia jua likipanda, wamepungukiwa hewa. Fungua njia ya maji. SIMAMA HAPA kama samaki wa aina nyingi na kamba wamekufa kwa pamoja mchana kweupe: huenda ni utupa au sumu nyingine. Msiwale, msiwauze, msiingie majini. Mwite afisa uvuvi na uhifadhi maji hayo kwenye chupa safi.

Dalili: mikoko iliyopandwa mbele ya ukuta inakufa

Watu hupanda mikoko mbele ya ukuta kurudisha kitalu cha samaki, na mwaka wa pili vijiti vimebaki mifupa. Kisababu kikuu ni kimo. Mikoko kwa asili huota kati ya usawa wa wastani wa bahari na alama ya bamvua, na mbele ya ukuta uliojengwa chini mara nyingi eneo hilo halipo tena. Limemezwa na ukuta wenyewe.

Kipimo hakitaki mashine. Tafuta mlilana (aina ya mikoko inayoota mbele kabisa kuelekea bahari) wa asili ulio chini kuliko yote ndani ya ghuba hiyohiyo. Mtu mmoja asimame hapo na simu. Maji yanayopanda yakigusa shina lake, apige. Wewe uliye ukutani chomeka kijiti penye ukingo wa maji dakika hiyohiyo. Kijiti hicho ndicho mpaka. Chini yake usipande. Kama kijiti kimeangukia ukutani kwenyewe, acha kabisa na urudi kwenye ngazi za mawe.

Kisababu cha pili ni aina isiyofaa. Mbegu za mkoko wenyewe (aina moja tu kati ya miti inayoitwa mikoko) ni ndefu, rahisi kuchomeka, kwa hiyo ndizo hupandwa kila mahali. Lakini mstari wa mbele unaotazama bahari ni wa mlilana, na mchu (aina nyingine ya mikoko) penye mchanga zaidi. Mkoko unakaa nyuma kwenye tope. Kisha kuna wimbi linalorudi kutoka ukutani na kung'oa miche, chaza na makombe yanayoivaa, na mbuzi.

Mikoko yote ni hifadhi chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Kukata, hata tawi la kupisha ngazi, kunataka kibali, na ni busara kuwaona hata kwa kupanda.

Dalili: maji ya tope mbele ya ukuta, majani ya bahari yanakufa

Ama mawimbi yanayorudi yanatibua sakafu, ama kuna bomba la maji ya mvua linalotoka ukutani. Kama tope linafuata mvua, ni bomba; chimba shimo la kutuliza maji nyuma ya ukuta. Kama linafuata upepo, ni ukuta, na dawa ni ile ya dalili ya kwanza. Harufu ya choo ni suala la afisa afya leo, si kesho.

Dalili: ukuta unainama, au ufukwe wa jirani umeliwa

Hapa samaki wasubiri. Nyufa zinazopanuka, udongo unaozama nyuma ya ukuta, mashimo yanayovuta maji, waya za gabioni zilizokatika: ondoa watu, weka kamba umbali wa mita 5, mwite mhandisi wa halmashauri. Ncha za ukuta ndizo zinazoliwa kwanza, na shamba la jirani hulipia. Kurefusha ukuta kunahamisha tatizo kwa jirani wa pili, na bado utapoteza mita nyingine za maji mafupi.

Usichimbe penye nguzo za alama za bomba la gesi, hasa kati ya Msimbati na Madimba na kando ya njia ya Somanga. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ruhusa hutoka kwa wasimamizi wa hifadhi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalikaa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, mmomonyoko wa bahari ukiwa miongoni mwa sababu. Karibu nayo hata jiwe la ngazi lina mwenyewe.

Kwingineko, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na ukuta mpya unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira kupitia NEMC, taasisi ya taifa ya kusimamia mazingira. Unapomwita mhandisi au mtafiti wa TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi), mpelekee vitu vinne: kina mguuni mwa ukuta siku ya bamvua na siku ya mafu, urefu kutoka alama ya rangi hadi mchangani kwa miezi uliyopima, hesabu ya samaki kwa aina pande zote mbili, na picha iliyopigwa maji yakiwa yamejaa kabisa, fimbo ikionekana.